Mgeni Rasmi wa Mzingiro

Nchi tunayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji asijisumbue kuitafuta. Ilikuwa nchi nzuri tu, yenye mito miwili, wimbo wa taifa wa beti kumi na moja, na mawe ya msingi mengi kuliko majengo. Mawe hayo ndiyo yaliyoleta vita.

Mji wa Kiduguda uliomba kisima. Serikali, ambayo haikuwa na tabia ya kumnyima mtu kitu, ikapeleka jiwe la msingi lililochongwa jina la mheshimiwa aliyeliweka. Mwaka wa pili likaja jiwe jingine, kwa kuwa mheshimiwa wa kwanza alikuwa amebadilishwa. Ilipotimia miaka saba, Kiduguda ilikuwa na mawe saba, na maji bado yanatekwa bondeni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi. Siku moja wanawake wa mji wakayang'oa mawe yote. Sita wakayafanya mafiga ya meko mawili ya kupikia vyakula vya shughuli, na la saba, lililokuwa limenyooka zaidi, likawa kiti cha mpishi. Mkuu wa Wilaya alipopita hapo akakuta maharage yanachemka juu ya majina ya mawaziri sita. Alikaribishwa, hakula. Jioni hiyohiyo aliandika barua makao makuu, na neno "uasi" akalipigia mstari mara mbili.

Basi Kiduguda ikawa adui wa taifa, watu wake elfu tatu mia nane na kumi na wawili, wakiwamo vichanga.

Bahati ilikuwa kwamba Jenerali Mkwizu ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka ng'ambo, alikokwenda miezi mitatu kusomea jambo moja: kumzingira adui na kumtenga. Alirudi na cheti, na mchoro. Mchoro wenyewe ulikuwa duara, na katikati ya duara palikuwa na nukta.

"Adui ni huyu," aliwaambia maofisa wake, akigusa nukta kwa fimbo. "Sisi ni hili duara. Hapiti mtu, haiingii punje, halitoki neno. Kuna swali?"

Hapakuwa na swali. Katika jeshi lile maswali yaliulizwa na waliokaribia kustaafu.

Nyuma kabisa ya chumba alikaa Kapteni Chande Mbelwa, mtu mpole wa miaka thelathini na tisa. Hakuwa na sifa kubwa vitani. Sifa yake ilikuwa kwamba aliwahi kuwa mshereheshaji katika harusi ya binti wa Jenerali, na akafanikiwa kuwaingiza maharusi ukumbini kwa wakati, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nchi ile. Kwa hiyo akateuliwa hapohapo kuwa Afisa Itifaki wa Mzingiro. Chande akapiga saluti. Yule mpishi aliyekuwa akikalia jiwe la saba alikuwa Tausi, dada yake wa tumbo moja, ambaye mama yao alipofariki alimbeba Chande, mtoto wa miaka minne, mgongoni, akashuka naye bondeni kuteka maji na kupanda naye tena, kila siku ya Mungu, mpaka alipoweza kubeba ndoo yake mwenyewe.

*

Jeshi lilifika Kiduguda na kujipanga kama mchoro ulivyoagiza. Askari elfu nne waliuzunguka mji, kila mmoja hatua moja kutoka kwa mwenzake, wote wakiukodolea macho. Ilipendeza kuona. Duara lilikamilika mchana wa Jumanne, isipokuwa pengo la hatua arobaini upande wa mashariki, pale barabara inapoingilia mjini.

Pengo hilo halikuwa uzembe. Nchini kule hakuna jambo lililoanza wala kuisha bila mgeni rasmi. Kuna daraja lililosombwa na mafuriko wiki moja kabla ya kuzinduliwa, na bado lilizinduliwa, kwa sababu kadi za mwaliko zilikuwa zimeshatoka. Seuze mzingiro wa kwanza wa kitaalamu tangu Uhuru! Ulipaswa kufungwa rasmi na Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi mwenyewe. Kamati ya Utepe ilijadili siku tatu kama mzingiro hufungwa kwa kukata utepe au kwa kuufunga fundo. Mwishowe wakakubaliana kukata, maana mikasi ilikuwapo na hakuna mheshimiwa aliyejua kufunga fundo mbele ya watu.

Chande ndiye aliyekabidhiwa pengo, pamoja na askari arobaini wa kulijaza utepe ukishakatwa. Ndiye pia aliyeandika ratiba. Saa nne asubuhi, mgeni kuwasili. Wimbo wa taifa. Ngoma. Hotuba. Kukata utepe. Mizinga kupigwa mpaka adui aishe. Vinywaji baridi.

Aliusoma ule mstari wa mizinga mara tatu. Alikuwa ameuandika kwa mwandiko mzuri, kama alivyofundishwa.

Kesho yake Tausi akatokea penye pengo na ndoo kichwani, na wanawake wenzake kumi na wawili. Kwa kuwa mzingiro ulikuwa haujafungwa rasmi, pengo halikuwa mstari wa vita. Kikanuni lilikuwa uwanja wa sherehe, na uwanja wa sherehe hauna zuio la ndoo.

"Shikamoo dada," alisema Chande kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Umekonda. Jeshini hawali?"

"Dada, nisikilize. Ondokeni. Waziri akija na kukata utepe huu, mizinga itapigwa."

Tausi akautazama utepe, kisha akamtazama yeye. "Tuondoke twende wapi? Mbele huko askari wanakagua kila mwenye mzigo. Jana wamemrudisha Mzee Kivuma kwa kuwa alibeba godoro. Anayebeba ndoo ni mchota maji, anayebeba godoro ni adui anayetoroka. Sasa watu elfu tatu tutatoroka na ndoo?" Akaitengeneza kata kichwani. "Huyo Waziri anakuja lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

Ratiba haikusema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne Chande akapata tumaini dogo.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Tausi akiondoka. "Huyu wenu bora asije kabisa."

*

Alhamisi ya kwanza Waziri hakuja; alikuwa akifungua semina ya utunzaji wa muda, na semina ilichelewa kuanza. Alhamisi ya pili alimtuma naibu wake, naibu akamtuma katibu, katibu akamtuma dereva. Dereva alifika saa sita kamili, amevaa tai, tayari kukata. Jenerali alimkatalia, ingawa alikiri kwamba ndiye mgeni wa kwanza kuonyesha ari.

Chande naye hakukaa bure. Aliirudisha kadi ya mwaliko makao makuu kwa kuwa haikutaja Udaktari wa Heshima wa Mheshimiwa. Ilipokuja ikiwa na Udaktari, aliirudisha kwa kuwa Waziri Mkuu angeuliza mbona yeye hana. Alilikataa zulia jekundu kwa kuwa lilikuwa la kijani, na lilipoletwa jekundu alilikataa kwa kuwa ni fupi: Mheshimiwa asingeweza kukanyaga vumbi la eneo lenye uasi. Mtu aliyekuwa hajawahi kupindisha kanuni hata moja maishani mwake aligundua kwamba ukiinyoosha kanuni sana, nayo hukawiza kama kuipindisha. Usiku alilala usingizi mzuri, na asubuhi aliamka na kutafuta kosa jingine. Wiki saba zikapita hivyo, na watu wa Kiduguda wakaendelea kupita uwanja wa sherehe na ndoo zao.

Lakini la kuvunda halina ubani. Wiki ya nane Jenerali alirudi kutoka makao makuu na barua yenye mihuri miwili. Mheshimiwa anakuja keshokutwa, na safari hii anakuja mwenyewe, kwa sababu watu wa redio wameshaalikwa.

Jenerali alikagua uwanja. Alitikisa nguzo za mahema, akakaa kwenye kiti cha Waziri, akasimama, kisha akageuka huku na huko kama mtu aliyepoteza funguo.

"Kapteni, mbona sioni wananchi?"

"Wananchi gani, afande?"

"Wa kumshangilia mgeni! Mheshimiwa hawezi kuhutubia askari. Askari hupiga makofi kwa hesabu, moja mbili, moja mbili. Redioni inasikika kama watu wanatwanga. Leta watu wa vijiji vya jirani."

"Vijiji vya jirani vimehama, afande. Vilihama tulipojaribu mizinga."

Jenerali akavua kofia akajifuta jasho. "Nitapata wapi watu elfu tatu kwa siku mbili?"

Chande akasogea hatua moja. "Afande, watu elfu tatu mia nane na kumi na wawili wapo. Ni mwendo wa dakika kumi."

"Hao ni maadui!"

"Ni maadui, afande. Lakini kanuni haikatazi kuwaazima."

Jenerali akairudisha kofia kichwani. Alitembea mpaka kwenye utepe, akarudi. "Wote?"

"Wote, afande. Mheshimiwa huchukia uwanja wenye mapengo."

"Hata wagonjwa?"

"Wagonjwa hukaa mstari wa mbele, afande. Mheshimiwa hupenda kupigwa picha akiwapa pole."

Hoja hiyo ndiyo iliyomaliza ubishi. Usiku kucha makarani waliandika vibali elfu tatu mia nane na kumi na viwili, kila kimoja kikisema kwamba aliyekishika ni Mwananchi wa Muda, kuanzia saa nne asubuhi mpaka mwisho wa hotuba. Mahema ya wananchi yalisimikwa ng'ambo ya utepe, upande wa barabara, kwa maana itifaki haiwaweki washangiliaji nyuma ya mgeni. Hapo ni nje ya duara. Jenerali aliupitia mpango wote na kuulinganisha na mchoro wake, akauona hauna kasoro. Katika mchoro washangiliaji hawakuchorwa.

*

Siku ilipofika, Kiduguda nzima ilitoka kupitia pengo. Walitoka na mavazi ya sikukuu, wazee wakibebwa kwenye machela, Mzee Kivuma juu ya godoro lake, vichanga migongoni, mikeka ya kukalia kwapani, na kibali mkononi mwa kila mtu. Chande alisimama kando akihesabu kimoyomoyo. Alipofika elfu tatu mia nane na kumi na moja alikwama. Kisha akamwona Tausi wa mwisho, akitembea taratibu, amefunga khanga mpya.

"Mlango nimeufunga," alisema Tausi akimpita. "Ufunguo huu hapa. Shughuli yenu ikiisha nataka nikapike."

Chande aliutazama ufunguo. Alikuwa amepanga jinsi ya kuwatoa, na alikuwa hajapanga jinsi ya kuwarudisha.

Waziri aliwasili saa nane mchana, akapongezwa kwa kuwahi. Alipigiwa ngoma. Aliwapa pole wagonjwa. Kisha akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Adui huyu tumemzunguka kaskazini, kusini, mashariki na magharibi! Na kama kuna upande wa tano, nimeshaagiza nao ushughulikiwe!"

Makofi.

"Adui huyu hana shukrani! Serikali imempa jiwe, akataka maji! Ikampa jiwe la pili, akataka maji yaleyale! Nawauliza nyinyi wazalendo, wasaliti waliomo mle ndani mnawataka?"

"Hatuwatakiii!" ikaitika Kiduguda nzima, na sauti ya Tausi ikazizidi zote.

Waziri alifurahi mpaka akasahau kurasa mbili za hotuba. Akakata utepe. Askari arobaini wakaingia penye pengo kwa mguu mmoja, na duara likafungwa. Bendi ikapiga. Ofisa wa mizinga akainua kibendera chekundu.

"Ngoja kwanza," alisema Waziri. "Nimwone huyo adui kabla hajaisha. Niazimeni darubini."

Akatazama. Akazungusha kioo, akatazama tena. "Jenerali, mbona simwoni mtu?"

Jenerali alichukua darubini. Aliona shati limeanikwa kwenye kamba. Aliona kuku. Taratibu akaishusha darubini, akawageukia watu elfu tatu na ushei waliokaa mahemani wakijipepea kwa vibali vyao, kisha akamtazama Chande. Jenerali hakuwa mjinga. Alikuwa tu amesoma. Sasa alielewa, na alielewa pia kwamba akisema alichoelewa, jioni atakuwa raia.

"Mheshimiwa," alisema, akisimama wima, "hii ndiyo daraja ya juu kabisa ya utaalamu huu. Adui ametengwa kiasi kwamba haonekani hata kwa aliyemtenga."

"Ajabu!" alisema Waziri. "Na hajatoroka?"

"Hajapita hata mmoja tangu ufunge, Mheshimiwa."

"Sasa mizinga ya nini? Mtu haonekani, unapiga nini? Tunzeni risasi zetu kwa sherehe za Uhuru." Akanywa kinywaji baridi, akampa Jenerali mkono, akaondoka na msafara wake. Kibendera chekundu kikashushwa. Chande alikaa chini palepale penye vumbi akalia, na walioona walidhani ni uzalendo.

*

Hapo ndipo pangekuwa mwisho mwema, lakini Tausi alikwenda kwenye mstari na ufunguo wake na askari wakamzuia. Mji umezingirwa na Waziri mwenyewe. Hakuna kuingia mahali alipotengwa adui, na askari akimwona mtu anavuka mstari ampige risasi. Hiyo ilikuwa Amri ya Kumi na Mbili, nayo ilikuwa na sahihi.

Kwa hiyo watu wa Kiduguda wakakaa nje ya Kiduguda. Hawakuwa wananchi, maana hotuba ilikwisha. Hawakuwa maadui, maana maadui wamo ndani. Makarani hawakujua wawaandike wapi, wakawaacha bila kuandikwa. Walilala mahemani nyuma ya migongo ya askari, wakiona mapaa ya nyumba zao kati ya bega na bega. Kila mwisho wa mwezi Jenerali alituma taarifa kwamba adui bado ametengwa barabara, na kila mwisho wa mwezi alipata pongezi. Mvua za vuli zikanyesha, mahema yakavuja. Mzee Kivuma akafariki mchana mmoja, kwenye lile godoro lake, uso ameuelekeza mlangoni kwake, hatua mia tatu tu. Walimzika kando ya barabara.

Jioni ya mazishi Tausi akamwendea mdogo wake. Hakusubiri shikamoo.

"Ulituokoa, Chande. Sikatai, na Mungu akulipe. Lakini umetuokoa ukatuacha nje ya mlango wetu. Nimechoka kuitazama nyumba yangu kama ya jirani. Kesho baada ya uji naingia kwangu, na wenzangu wanaingia. Ukitupiga, tupige ya mgongoni. Sitaki kukuona uso ukifanya hivyo."

"Dada, siwezi kuifuta amri. Mimi ni kapteni tu."

"Sijakwambia uifute," alisema Tausi. "Nimekwambia naingia." Akaondoka.

Asubuhi watu wote walisimama. Hawakupiga kelele. Walikunja mikeka, wakajitwika vyombo, wakaanza kutembea kuelekea mstarini, Tausi mbele, ufunguo mkononi. Askari arobaini wa Chande wakamgeukia kwa macho. Kidole cha mmoja wao, kijana mwenye kwikwi, kilikuwa tayari kwenye bunduki.

Chande aliipitia Amri ya Kumi na Mbili kichwani, neno kwa neno, kama alivyozipitia kanuni zote maishani mwake. Askari akimwona mtu anavuka. Akimwona.

Akawaambia askari wa ubavuni wake wasogee hatua mbili, nafasi ikapatikana. Watu wakasita mbele yake. Tausi alikuwa karibu kiasi cha kumgusa, na hakumtazama.

"Wapishe wapite ubavuni mwako," Chande alimnong'oneza kijana wa kwikwi. Kisha akavuta pumzi, akatoa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo.

"Kikosi! Hakuna kutazama kushoto wala kulia! Macho... fumba!"

Askari arobaini wakafumba macho. Jirani zao wakasikia, wakadhani ni amri ya makao makuu, wakaipeleka mbele, na amri ikazunguka duara lote mpaka ikarudi ilikotoka, askari elfu nne wamesimama wima juani wamefumba macho. Juu ya kilima alikopiga kambi, Jenerali alikuwa akinywa chai. Alichukua darubini akaona jeshi lake zima limelala kwa kusimama, na watu elfu tatu na ushei wanapita katikati na mikeka, wanaingia kwenye nukta. Aliinua mkono aite tarishi. Akafikiria taarifa zake zote alizotuma, na pongezi zote alizopokea. Adui sasa angekuwa ndani, alikokuwa siku zote kwa mujibu wa maandishi, na taarifa zote zingekuwa kweli. Aliushusha mkono, akaongeza sukari, naye akafumba macho.

Watu walichukua saa nzima kupita. Chande alikuwa amefumba yake kama alivyoamuru, akisikia nyayo tu: za wazee, za watoto, za mbuzi mmoja aliyegoma kidogo. Hakujua dada yake amepita saa ngapi. Kisha nyayo zikaisha, kukawa kimya, na kutoka mbali akasikia kufuli likifunguliwa na Tausi akimgombeza kuku aliyekuwa ametaga kitandani kwake. Alitaka kutazama kuliko alivyowahi kutaka jambo lolote. Lakini alikuwa hajatoa amri ya kufumbua, na aliona heri asiitoe kwanza.